Mauaji Yaliyotikisa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni kesi zipi zinazozungumziwa hapa, na kwa nini hizi?

Ni kesi nane: ya Lord Erroll (1941), Pio Gama Pinto (1965), Tom Mboya (1969), Josiah Mwangi Kariuki (1975), Julie Ward (1988), Robert Ouko (1990), ile ya shamba la Soysambu (2006) na ya wakili Willie Kimani (2016). Kenya imeshuhudia mauaji mengine mengi, na baadhi yake ni ya kutisha kuliko haya. Hizi zimechaguliwa kwa sababu kila moja imeacha kumbukumbu za mahakama, za tume au za Bunge, hivyo mpenzi wa visa vya uhalifu ana kitu cha kushika zaidi ya porojo za barazani. Anayezisoma kwa mfululizo ataona jambo moja likijirudia: mara nyingi hatima ya kesi iliamuliwa na yale yaliyofanyiwa mwili na mahali ulipopatikana katika siku chache za mwanzo, wala haikutegemea sana werevu wa muuaji.

Lord Erroll aliuawa vipi?

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa mjini Nairobi waliliona gari aina ya Buick limetumbukia kando ya njia panda karibu na Karen, taa zake zikiwa bado zinawaka. Ndani yake, amejikunyata sakafuni mbele ya kiti, alikuwamo Josslyn Hay, yaani Lord Erroll wa 22, ambaye wakati huo wa vita alikuwa Katibu wa Kijeshi wa koloni. Alikuwa pia kinara wa kundi la walowezi wa Happy Valley, waliojulikana kwa ulevi, karamu na kupokonyana wake. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa amepata ajali ya barabarani. Ni baada ya damu kuoshwa kichwani ndipo tundu la risasi lilipoonekana karibu na sikio, na kufikia wakati huo mwili ulikuwa umekwisha kutolewa garini na kupelekwa mochari.

Saa chache kabla ya hapo, Erroll alikuwa amekula chakula cha jioni katika klabu ya Muthaiga pamoja na Diana, mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, na Sir Jock Delves Broughton, mume wa Diana. Broughton, mzee wa miaka 57, alikuwa amemwoa Diana mjini Durban miezi miwili tu kabla, naye bibi harusi alikuwa na umri wa miaka 27. Mezani pale Broughton aliinua bilauri na kuwatakia wapenzi hao wawili heri. Erroll alimrudisha Diana nyumbani Karen baada ya saa nane usiku, akaondoka peke yake, na hakufika mbali.

Ikiwa Broughton alikuwa na sababu ya kuua, kwa nini aliachiliwa huru?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu lake limo katika mikwaruzo ya risasi. Siku tatu kabla ya mauaji Broughton alikuwa ameripoti polisi kwamba bastola zake mbili zimeibwa. Mpelelezi mkuu, Arthur Poppy, hakuuamini wizi huo. Alituma watu katika shamba moja huko Nanyuki, ambako Broughton aliwahi kufanya mazoezi ya kulenga shabaha, wakaokota risasi zilizokwisha kupigwa. Hoja ya upande wa mashtaka ikawa kwamba risasi za Nanyuki na zile zilizomuua Erroll zilitoka katika mtutu mmoja, kwamba mtutu huo ulikuwa wa bastola ya Broughton, na kwamba taarifa ya wizi ilikuwa mbinu ya kujikinga.

Hapo ndipo Harry Morris, wakili aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, alipoipata nafasi yake. Kila mtutu wa bastola huwa na mifuo ndani yake, nayo huizungusha risasi na kuiachia alama. Bastola zilizosajiliwa kwa jina la Broughton zilikuwa aina ya Colt, na Colt huwa na mifuo sita inayozunguka kuelekea kushoto. Risasi zilizomuua Erroll zilikuwa na alama za mifuo mitano inayozunguka kuelekea kulia. Mashahidi wa serikali wenyewe walilazimika kukubali kwamba risasi hizo hazikutoka katika Colt. Kadiri walivyosisitiza kwamba risasi za Nanyuki na za Karen zilifanana, ndivyo walivyozidi kuziondoa bastola za Broughton katika kesi hiyo. Silaha yenyewe haikupatikana kamwe.

Kesi ilianza Mei 26 na hukumu ikatoka Julai 1, 1941: hana hatia. Inafaa kukumbuka kwamba Broughton alisikilizwa na jopo la raia wa Kizungu watupu, haki ambayo sheria ya koloni iliwapa Wazungu pekee. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kosa lilo hilo aliamuliwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao ushauri wao haukumfunga. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ushahidi ule usingetosha mbele ya jopo lolote lenye uadilifu.

Broughton alirudi Uingereza, na mnamo Desemba 1942 akajiua kwa mofini katika hoteli moja mjini Liverpool. Kifo hicho kimewapa wengi uhakika ambao hakistahili kuutoa, kwa kuwa mtu aliyefilisika, aliyeachwa na mkewe na kudharauliwa na rafiki zake, ana sababu nyingi za kujiua hata kama hajaua.

Kuachiliwa huru kuna maana gani hasa?

Maana yake ni kwamba upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha hatia pasipo shaka. Mahakama haijishughulishi na swali la nani aliyefanya. Inajishughulisha na swali la kama huyu aliyesimama kizimbani amethibitishwa kufanya. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 50, inakataza mtu kushtakiwa tena kwa kosa ambalo alikwisha kuachiliwa au kuhukumiwa kwalo. Kwa sababu hiyo, anayesimulia kesi hizi hana budi kuwa mwangalifu: aliyeachiliwa na mahakama hawezi kuitwa muuaji kwa kuwa tu simulizi inanoga zaidi hivyo. Ndiyo maana majina ya baadhi ya washtakiwa walioachiliwa hayamo katika majibu haya.

Mauaji, kwa upande mwingine, hayana ukomo wa muda. Faili la mwaka 1975 linaweza kufunguliwa leo likipatikana jambo jipya.

Ni kweli kwamba serikali ilidai Julie Ward aliliwa na wanyama?

Ndiyo, na katika kesi zote nane hakuna mahali ambapo kuharibiwa kwa ushahidi kunaonekana waziwazi kama hapa.

Julie Ward alikuwa Mwingereza wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyamapori. Septemba 6, 1988 alirudi katika kambi ya Sand River, ndani ya hifadhi ya Maasai Mara, kuchukua mahema yake, na baada ya hapo hakuonekana tena akiwa hai. Baba yake, John Ward, alisafiri kutoka Uingereza na kukodi ndege za kumtafuta. Septemba 13 gari lake dogo aina ya Suzuki lilionekana kutoka angani likiwa limekwama korongoni, na siku iyo hiyo, kilomita kadhaa kutoka hapo, palipatikana mabaki ya moto pamoja na sehemu ya mguu na taya. Ni baba mtu aliyefika pale na kumtambua binti yake.

Daktari wa polisi aliyeyachunguza mabaki hayo aliandika kwamba mfupa ulikuwa umekatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti yake ilipopita mikononi mwa mkubwa wake, mpasuaji mkuu wa maiti wa serikali, maneno yakabadilishwa: pale palipoandikwa kwamba umekatwa, pakaandikwa kwamba umeraruliwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya panga na meno ya simba. Maafisa walishikilia kwamba ni wanyama, wengine wakadokeza kwamba huenda alijiua, ingawa hakuna mnyama wala mtu anayejiua ambaye hukata mguu, kisha akauchoma. Wakati huo Kenya iliutegemea sana utalii, na ni vigumu kuamini kwamba jambo hilo halikuwa akilini mwa waliotaka simba abebe lawama.

John Ward alizipeleka sehemu za mabaki kwa wataalamu wa Uingereza, akaishinikiza serikali, na mwaka 1989 hakimu aliyesimamia uchunguzi wa kifo hicho jijini Nairobi akaamua kwamba yalikuwa mauaji. Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa na kuachiliwa mwaka 1992. Aliyekuwa mkuu wa walinzi alishtakiwa na kuachiliwa mwaka 1999. Mnamo 2004 uchunguzi wa kifo uliofanyika Ipswich, Uingereza, ulifikia uamuzi ule ule kwamba aliuawa. John Ward alikuja Kenya zaidi ya mara mia moja na kutumia karibu pauni milioni mbili za mfuko wake mwenyewe, akafariki mwaka 2023 bila kumwona yeyote akitiwa hatiani. Kwa wiki za mwanzo, ambazo nyayo, majivu na mashahidi vilikuwa bado vibichi, idara iliyopaswa kumtafuta muuaji ilikuwa ikithibitisha kwamba hakuna muuaji. Uchunguzi wa baadaye, hata ungekuwa hodari namna gani, usingeweza kuzirudisha wiki hizo.

Aliyemuua Tom Mboya alikamatwa. Mbona kesi yake bado inajadiliwa?

Kwa sababu mahakama ilijibu swali la nani aliyefyatua risasi, nalo swali la nani aliyemtuma likabaki. Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, alikuwa na umri wa miaka 38 alipopigwa risasi Jumamosi, Julai 5, 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani kwenye barabara iliyoitwa Government Road wakati huo. Nahashon Njenga Njoroge alikamatwa, akahukumiwa kifo Septemba na kunyongwa mwezi Novemba mwaka huo huo. Inasimuliwa kwamba alipokamatwa aliuliza kwa nini hawamfuati yule mkubwa. Maneno hayo yamekuwa sehemu ya lugha ya siasa nchini Kenya, na kila kizazi kina jina lake la kulijaza pengo hilo.

Kasi ya kesi ile ndiyo inayonitatiza. Kutoka risasi hadi kitanzi ilikuwa miezi mitano isiyotimia, na mtu pekee aliyejua kama kulikuwa na aliyemtuma akazikwa na jibu lake.

Na Pio Gama Pinto?

Pinto, mwanahabari na mbunge wa mrengo wa kushoto, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, Nairobi, Februari 24, 1965, akiwa garini pamoja na binti yake mdogo. Kijana aitwaye Kisilu Mutua alitiwa hatiani. Hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 35 hadi alipoachiliwa kwa msamaha wa rais mwaka 2000. Aliingia akidai hakuua na akatoka akidai hivyo hivyo.

Kwa nini tume na kamati za uchunguzi hazikuleta majibu katika kesi za J. M. Kariuki na Robert Ouko?

Tume hukusanya ushahidi, lakini haihukumu mtu, na hukaa kwa hisani ya mamlaka ambayo wakati mwingine ndiyo inayochunguzwa.

J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyekuwa ameonya kwamba Kenya inageuka nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, alionekana mara ya mwisho Machi 2, 1975 akiondoka katika hoteli ya Hilton jijini Nairobi pamoja na mkuu wa GSU, kikosi maalumu cha polisi. Mwili wake ulipatikana na wafugaji katika vilima vya Ngong, ukapelekwa mochari na kulala humo kama wa mtu asiyejulikana kwa siku kadhaa, huku taarifa zikienezwa kwamba yuko safarini Zambia. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Ripoti yake, iliyotolewa Juni mwaka huo, ilitaka watu kadhaa wachunguzwe zaidi, wakiwamo maafisa wa polisi, lakini kabla haijafika mezani majina mawili yalikuwa yameondolewa. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani.

Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia Februari 13, 1990. Mwili wake ulitangazwa kupatikana Februari 16 chini ya kilima cha Got Alila, umbali mfupi kutoka hapo, ukiwa umechomwa na kichwa kimepigwa risasi. Kijana mchungaji alieleza kwamba alikuwa ameuona mwili huo siku ile ile ya Februari 13. Siku hizo tatu ndizo kiini cha kesi nzima, maana msako mkubwa ulitangazwa huku aliyetafutwa akiwa amelala karibu na mlango wa nyumba yake. Dhana ya kujiua ilitolewa mapema, nayo ikazikwa na mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, aliyealikwa na serikali na kuthibitisha kwamba ni mauaji. Tume iliyoongozwa na Jaji Evans Gicheru ilianza vikao mwaka 1990 na kuvunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi. Aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru alishtakiwa. Kesi ya kwanza ikakatika jaji alipofariki, na ya pili ikamwachilia mwaka 1994. Kamati ya Bunge ilijaribu tena kuanzia 2003, na ripoti yake ikakataliwa na Bunge mwaka 2010.

Kuna tofauti gani kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia?

Tofauti iko katika dhamira. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inadai, ili kosa liwe la kuua kwa kukusudia, ithibitishwe kwamba mshtakiwa alikusudia kuua au kudhuru vibaya, au alijua kwamba kitendo chake kingeleta matokeo hayo. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Thomas Cholmondeley, aliyempiga risasi Robert Njoya katika shamba la familia yake la Soysambu mwaka 2006. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miezi minane, baada ya kuzingatia miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Hukumu hiyo iliwaudhi wengi, hasa kwa kuwa mwaka mmoja kabla ya kifo cha Njoya shtaka jingine la mauaji dhidi ya mtu huyo huyo lilikuwa limeondolewa na Mwanasheria Mkuu. Kwa wapenda mikasa kuna kijiuzi cha ajabu hapa: Diana, yule mke wa Broughton, aliolewa baadaye na babu yake Cholmondeley.

Je, ipo kesi iliyochunguzwa ipasavyo?

Ipo, na washtakiwa wengi wake walikuwa maafisa wa polisi. Willie Kimani, wakili wa haki za binadamu, alikuwa akimtetea mwendesha bodaboda aliyedai kupigwa risasi na afisa mmoja wa polisi. Juni 23, 2016 wakili, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa nyara walipokuwa wakitoka katika mahakama ya Mavoko. Miili yao ilipatikana siku chache baadaye katika mto huko Ol Donyo Sabuk.

Kilichoifungua kesi ni kipande cha karatasi ya chooni. Mteja aliandika juu yake kwamba wako hatarini, akaitupa nje ya seli ya kambi ya polisi ya Syokimau, na mpita njia akaiokota na kumpigia simu mke wa mteja huyo. Kutokana na karatasi hiyo wapelelezi walijua mahali pa kuanzia na saa ya kuanzia. Waliomba kumbukumbu za minara ya simu, zilizoonyesha simu za washukiwa zikisafiri pamoja na za marehemu. Walikusanya vitu vyenye chembechembe za vinasaba. Na mshtakiwa mmoja, raia aliyekuwa mpasha habari wa polisi, akaungama.

Maungamo hayo yalipingwa vikali, na inafaa kueleza sababu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya haikubali maungamo aliyopewa mpelelezi wa kesi. Ni lazima yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi asiyehusika na upelelezi, naye anayeungama ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Kesi nyingi zimeporomoka kwa kupuuza hatua hiyo moja. Hapa ilifuatwa, na mahakama ikayapokea.

Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu na yule mpasha habari, akamwachilia afisa wa nne. Februari 2023 afisa mkuu katika njama hiyo alihukumiwa kifo, na wengine wakapewa vifungo vya miaka 30, 24 na 20.

Aliyehukumiwa kifo nchini Kenya hunyongwa?

Kitanzi hakijatumika tangu 1987, waliponyongwa wanajeshi waliopatikana na hatia ya uhaini kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba, ingawa adhabu yenyewe bado imo katika sheria.

Mahali palipotokea matukio haya panaweza kuonekana leo?

Baadhi, ndiyo. Government Road sasa ni Moi Avenue, na sanamu ya Mboya iliyozinduliwa mwaka 2011 imesimama karibu na pale alipoanguka. Kaburi lake liko katika kisiwa cha Rusinga. Erroll amezikwa katika kanisa la St Paul's, Kiambu, kando ya mke wake wa pili. Njia panda lilipopatikana gari lake imemezwa na mji, na magari hupita pale mchana kutwa. Got Alila bado ni kilima kile kile, na kutoka juu yake huhitaji darubini ili kuona upande iliko nyumba ya Ouko.